Shamba Lililopumzika

Jina alilopewa na wazazi wake limeshasahaulika. Kijiji kizima kinamwita Mama Ubishi, naye huitika bila kinyongo. Aliachwa mjane na watoto watatu, ekari nne na jembe moja. Watu wakamwambia auze shamba arudi kwao. Hakuuza. Akanunua paneli ya sola ya kuvutia maji kisimani, ya kwanza pale kijijini, wakamcheka kwamba sasa anataka kunywesha nyanya umeme. Msimu uleule waliomcheka wakaja na ndoo zao kuomba maji. Aliwapa, ila aliwasema kwanza.

Kwa hiyo ulipoletwa mradi mkubwa wa umeme wa jua, nani angedhani yeye ndiye atakayesumbua? Na wala hakuupinga mradi. Alichokipinga ni karatasi.

Wapimaji walipita yeye akiwa kwa binti yake aliyejifungua. Wakakuta ekari mbili zimejaa majani hadi kiunoni, wakamuuliza shemeji yake, mdogo wa marehemu, mjumbe wa kamati ya mradi. Bwana yule, kwa pupa ya kutaka taa ziwake, akajibu kuwa hapo hapalimwi. Wakaandika: ardhi tupu, ichukuliwe kuwekwa paneli za mradi. Tupu! Shamba lililosomesha watoto watatu!

Siku ya mkutano, darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, ofisa wa mradi akamsogezea wino aweke kidole gumba.

"Kalamu naijua, mwanangu," Mama Ubishi akasema, akiinuka. "Lakini hapa siandiki kitu. Shamba langu si tupu, nimelipumzisha."

"Misimu miwili hujatia jembe, shemeji," mdogo wa marehemu akadakia. "Kijiji kizima kikae gizani kwa ajili ya majani yako?"

"Kwani wewe ukilala mchana, watu huja kukuzika?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Ekari mbili nyingine alizokuwa akilima zilikuwa zimechoka, mwakani zisingempa hata debe. Karatasi ile ikipita, uzeeni angekula kwa kuombaomba.

"Jua silikatai, nilikuwa nalo kabla yenu," akaendelea. "Kule kilimani kwenye mawe linawaka vilevile. Pelekeni huko."

"Kilimani kazi ni kubwa, mama."

"Basi fanyeni kazi. Sisi hapa tunafanya nini?"

Nyuma kabisa muuza maziwa akainuka, akasema hata la kwake lililoandikwa tupu limepumzishwa tu, aliweka kidole bila kusomewa. Minong'ono ikaanza. Mama Ubishi akamgeukia shemeji yake.

"La kwako lina maharage msimu huu. Zamu yake ya kupumzika ikifika, nawe umesafiri, wapimaji atawajibu nani?"

Shemeji akainamia meza. Aibu ilimshika, na hofu pia, kwa kuwa swali lile hakuwahi kujiuliza. Kisha akaenda mbele, akachukua kalamu ya ofisa na kulikata jina lake palipoandikwa shahidi.

"Pimeni upya," akasema. "Na safari hii muulizeni mwenye shamba."

Ofisa akaziba wino wake, akamwomba mama aketi ili waendelee na mengine. Mama Ubishi akakataa. Akasema ataketi siku karatasi mpya itakaposomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya wote.