Kadi za Maadui na Kaka Yangu Asiye na Karatasi

Siku ya kwanza kazini, Louisville, Marekani, mkuu wa hifadhi ya nyaraka aliniambia nitoe kalamu ya wino mfukoni. "Humu ni penseli tu," alisema. "Wino ukidondoka haufutiki." Ninyi vijana mnaoniuliza mtunza nyaraka hufanya nini, basi ndiyo hayo: hulinda karatasi za zamani zisilowe, zisichanike, wala zisivurugwe mpangilio, ili anayezihitaji azikute.

Boksi la kwanza nililopewa lilikuwa na kadi za askari wa Kijerumani waliotekwa katika Vita Kuu ya Pili wakaletwa kufungwa Marekani. Kila kadi ilikuwa na picha, alama za vidole, uzito, makovu, na jina la ndugu wa kupelekewa habari. Moja ilieleza kwamba mateka ameng'olewa jino. Niliisoma habari ya lile jino nikashikwa na wivu, wivu wa mtu aliyenyang'anywa mke.

Kaka yangu Byamungu alikamatwa Bukavu wakati wa vita vya kwetu Kongo, akafungiwa kwenye ghala la kahawa. Mama alimpelekea chakula kila asubuhi. Asubuhi moja mlinzi alimrudishia sufuria ikiwa imejaa, akasema hamjui mtu wa jina hilo. Hakuna aliyeandika kwamba Byamungu aliingia, wala kwamba alitoka.

Baadaye nilipata kazi Columbus, karibu na chuo kikuu, nikapanga nyumba Gahanna, kitongoji cha huko. Huko nilisimamia chumba cha kusomea, yaani pale watu wanapoletewa nyaraka walizoomba. Alikuja mama mzee wa asili ya Kijapani. Baba yake, raia tu, alizuiliwa kambini huku Marekani wakati wa Vita Kuu ile ya Pili. Nikamletea faili. Ndani mlikuwa na ombi aliloandika baba yake la kutaka miwani mipya.

"Huu ni mwandiko wake," alisema, akanishika mkono. "Na wewe, una mtu humu?"

"Sina, mama."

Nilipaswa kufurahi naye. Nilikwenda kusimama kati ya rafu mpaka akaondoka. Msimamizi wangu aliponifuata nilimwomba nimfungulie Byamungu faili, hata lenye jina tu.

"Pole sana," alisema. "Lakini sisi hatutungi nyaraka. Tunazitunza."

Kwa sheria ya kazi alikuwa sahihi. Nilimchukia mwaka mzima.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo. Mkurugenzi wa pale alikuwa mwanamke wa maneno machache, naye alianza kurekodi simulizi za wakimbizi waliopitia vifungo vya vita. Mtu wa kwanza nilimleta mimi kutoka Cheektowaga, mji wa jirani, Mkongo mwenzangu mpakiaji wa mizigo.

"Bon, balinifunga mu nyumba moya ya giza," alisimulia kwa Kiswahili cha kwetu kilichochanganyika na Kifaransa. "Donc, tulikuwa tunalala kwa zamu."

Nilimwonea wivu hata yeye, kwa kuwa alitoka. Alipomaliza alinisogezea kiti chake. "Na weye, mukubwa? Kaa, sema."

Nilimtazama mkurugenzi. Hakuzima kinasa sauti. "Ukisema wewe, ni ushahidi," aliniambia. "Ushahidi tunautunza." Basi nikakaa, nikasema niliyoyajua: ghala, sufuria, na jinsi kaka yangu alivyokuwa akiimba kwa sauti mbaya bila haya. Rekodi ikapewa namba.

Nilipokwisha kustaafu, Furaha alikuja kuisikiliza. Ni binti wa Byamungu, muuguzi, aliyezaliwa baada ya baba yake kukamatwa. Kwa kawaida nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Nilimngoja nje ya kioo cha chumba cha kusikilizia, nikamwona akiwa na vipokea sauti masikioni, akicheka, kisha akifunika uso.

Alipotoka alinikumbatia. "Baba mdogo," alisema kwa Kiswahili, "nimemsikia baba."

Nikamwambia nimefurahi, na ni kweli. Lakini wivu ulinipanda palepale, vijana wangu, nikiwa mzee wa mvi. Yeye amempata baba yake katika rekodi ile. Mimi nikiisikiliza, nasikia sauti yangu mwenyewe tu.