Kisanduku cha Kagure

Usimuulize Ndambiri habari za mvua. Muulize habari za visanduku. Miaka thelathini alirusha maputo ya hali ya hewa kule Nairobi, kila puto na kisanduku chake cha redio kinachotangaza joto na unyevu wa anga la juu mpaka puto lipasuke. Waliomfunza kazi walimsimulia vya zamani, vilivyozungushwa na mtambo wa saa. Yeye alianza na vya betri ya kuloweka majini, akikifuata kila kimoja kwa dishi bila kujua kitaangukia wapi. Akastaafia kwenye vya setilaiti, vinavyotaja mahali vilipo hadi mwisho.

Ndiyo maana alijua kwamba cha Kagure kilinyamaza juu ya Runyenjes.

Kagure, bintiye, alikuwa na miaka kumi na mitatu alipomtembelea kazini akakijaza kisanduku maandishi. Ndambiri alimkaripia kwamba mali ya serikali haichorwi, na kwa kuwa saa ya kurusha haimngoji mtu, akakiachilia bila kusoma. Mtoto alinuna. Tangu hapo kila alipoulizwa aliandika nini, alijibu, "Kikiokotwa utasoma." Ukawa utani wao miaka saba, mpaka mwaka jana ugonjwa wa damu ulipomchukua. Utani ukageuka mwiba.

Ndambiri akatoka nyumbani kwake mtaa wa Dallas, pale Embu, akazunguka Runyenjes boma kwa boma, kisanduku cha mfano kwapani, akijitambulisha kuwa Baba Kagure. Siku ya nne mzee mmoja, Salesio, alikitambua, akainamisha kichwa. Kiliangukia shambani kwake wiki ileile aliyong'oa kahawa apande parachichi. Alikulia enzi ambazo kung'oa kahawa lilikuwa kosa la kukufikisha kwa chifu, basi akaamini serikali imemtumia mpelelezi. Alikichoma siku hiyohiyo.

Ndambiri hakukasirika. Aliuliza tu kama kilikuwa na maandishi.

"Yalikuwa, Baba Kagure. Upande mzima," Salesio akasema. "Ilianza na 'Baba'. Nikaona si mimi naandikiwa. Barua ya wenyewe mimi sisomangi."

Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu aliyelelewa vizuri, na kweli alilelewa vizuri. Ndambiri akaomba aonyeshwe mahali pale pa moto. Palikuwa katikati ya miparachichi miwili, majani tu. Akapiga magoti akalia kwa sauti, mzee mzima, akimwomba Kagure amsomee.