Kufuli Upande wa Ndani

Miaka ya themanini niliandika hadithi za kutisha zilizojaa majini na damu. Dada yangu alizisoma akicheka huku anatafuna mahindi choma, nami nikakasirika kweli.

Kisha mchana mmoja nikarudi kutoka River Road hadi Waithaka, nilikokuwa naishi peke yangu. Asubuhi nilikuwa nimefunga geti kwa kufuli upande wa nje. Sasa nilipitisha mkono kwenye tundu la geti, nikakuta kufuli lile lile linaning'inia upande wa ndani, limefungwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao nilikuwa nimeushika.

Tangu siku hiyo sijaandika jini hata mmoja; naandika kufuli. Lakini pale getini nilipiga hodi kwangu mwenyewe, nikiomba Mungu nisisikie mtu akisema karibu.