Mkoba Juu ya Kiti cha Shoga Yangu

Kila sikukuu ya Idi, kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu Madungu hucheza mchezo wao wa nyimbo, ule ule, miaka nenda miaka rudi. Ni kisa cha mama mkwe aliyekuja kumtazama mwanawe kwa siku tatu, akakaa misimu mitatu ya karafuu, na maneno yote huimbwa, hata ya kuomba chumvi. Naujua mchezo ule kuliko wanaoucheza. Mwimbaji akisahau, mimi humtilia neno kutoka kitini kwangu, na hakuna aliyewahi kunishukuru.

Mwaka huu nilikwenda peke yangu. Kwetu hata hospitali mtu haendi peke yake, seuze mchezoni, kwa hiyo tangu mlangoni niliulizwa shoga yangu yuko wapi. Nikasema yuaja. Nilikuwa nasema uongo, na siku ya Idi pia.

Sababu ni sufuria. Shoga yangu huyo anakaa Wesha, na mchezo huu tumeutazama pamoja tangu tuko wasichana. Kabla ya Ramadhani alikuja kuniazima sufuria langu kubwa la pilau kwa harusi ya mwanawe. Lilirudi limesuguliwa linang'aa, lakini halina mfuniko. Nilipomuuliza, akanijibu kuwa alivyolichukua ndivyo alivyolirudisha. Mimi nina hasira za karibu. Nikasema yangu, naye akasema yake. Mwezi wa mfungo ulipoingia aliniletea bakuli la futari mwenyewe, akaliacha uani kwa kuwa sikuwepo. Nikalirudisha tupu. Kwetu bakuli likirudi tupu limetukana, na hatukusemeshana tena.

Basi nikaketi mstari wa mbele, kikuba cha asumini kifuani, mkoba nikauweka kwenye kiti cha pembeni yangu. Kila aliyetaka kukaa nilimwambia pana mtu. Hata kina mama wawili watu wazima niliwanyima, wakanitazama kwa jicho la pembe. Nilipogeuka kutafuta hewa nikamwona shoga yangu mstari wa nne nyuma, peke yake naye. Sote wawili tukajitia kutazama pazia.

Mchezo ulinifurahisha, siwezi kukataa. Mama mkwe wa mwaka huu alijua kununa kama aliyesomea. Halafu akaingia jirani muazimaji, na hapo ndipo penye wimbo wangu. Mke mwenye nyumba humwimbia:

Ulikuja na bakuli, ukaondoka na chungu;
leo waja tena kwangu, walitaka jiko langu.

Kila mwaka tukifika beti hilo mimi na shoga yangu tuliinuka pamoja kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, kwa utamu wa sauti tu. Lakini kutunza kuna sheria yake. Beti unaloinukia ndilo unalomwambia mtu, na kina mama wote hutazama linamwangukia nani. Tukiinuka wawili, halikumwangukia yeyote. Mwaka huu nilikuwa nimeapa kutokuinuka.

Fidla ilipolia miguu haikukumbuka kiapo. Nilishafika katikati ya ukumbi, noti mkononi, ndipo nikaona vichwa vikigeuka kutoka kwangu kwenda mstari wa nne. Habari ya sufuria ilikuwa imeshafika kila jiko. Nikasimama pale kama kigingi. Nilitamani kurudi, lakini kurudi kungekuwa kumsema mara mbili. Wallahi niliogopa: nilikuwa nampoteza mtu wa umri wangu wote kwa kipande cha bati.

Shoga yangu akainuka. Alikuja kwa mwendo wa bibi harusi, noti ameinyanyua juu ukumbi mzima uione, akamtunza mwimbaji kwa beti lile lile. Kisha akanisogelea sikioni.

"Nfuniko nshauona," akasema. "Siku ile ya futari. Weye umefunikia pipa lako la maji."

Nikaliona akilini pipa langu la uani, pale pale nilipo. Mkamwana wangu alilifunika tangu kabla ya harusi, akaweka na jiwe juu, nami kila asubuhi naliondoa jiwe, nauondoa mfuniko, nachota maji ya kutilia udhu, kisha nakwenda kumsema mwenzangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nkangoja uchoke kunisema," akanijibu.

Nilimwomba radhi huku mwimbaji anaendelea kuniimbia beti nililojitunza mwenyewe. Akanifuata mpaka mstari wa mbele, akasimama mbele ya kiti chenye mkoba.

"Hapa pana ntu?"

"Pana," nikamwambia. "Kakawia tu."

Nikauweka mkoba mapajani.