Kazi ya Kuzima Nyuzi

Siku ya kwanza nilifika kazini saa moja asubuhi, nimevaa kitenge kipya, nikidhani nitakabidhiwa muziki. Ilikuwa shule ndogo ya muziki ya parokia, hapa Goma, na kinubi kilikuwa kimoja tu. Masera Direktrise, mtawa aliyeiongoza shule, alinikalisha kitini, akakiegemeza kinubi kwenye bega langu la kulia, kisha akaushika mkono wangu wa kushoto.

"Tutaanza na etufe," akasema.

Etufe ni namna ya kupiga uzi na kuuzima papo hapo. Unalaza kiganja cha kushoto juu ya nyuzi nene, vidole vimesimama pamoja, unapiga kwa gumba peke yake, na kabla uzi haujamaliza kulia kiganja kinaufunika. Mlio unatoka mfupi na mkavu, kama mtu anayegonga meza kwa kidole.

Sikuipenda hata kidogo. Mimi ni Munande wa Butembo, nililelewa kuimba kwa sauti ya kujaza kanisa. Kinubi kilinivuta kwa sababu uzi wake mnene unalia muda mrefu, hata ukausikia kifuani. Sasa nilikuwa nafundishwa kuunyonga. Gumba lilitoka lengelenge, kifundo cha mkono kiliuma, na zoezi hilo lilinipasa kila asubuhi kabla ya kazi nyingine yoyote.

"Masera, mimi nilikuja kupiga muziki," nilimwambia juma la pili. "Hii ya kuzima inanichokesha."

"Ninajua. Hata mimi ilinichokesha miaka mingi. Endelea, mutoto wangu."

Hakuwa mkali. Nikiruka mistari miwili, alisimama tu mlangoni mpaka niirudie. Alikuwa akibadilisha nyuzi zilizokatika kwa mikono yake mwenyewe, akipangusa vumbi la volkano kwenye kinubi kila jioni, na sikuwahi kumwona akifundisha kabla hajapiga zoezi lake.

Baada ya miaka mitatu nilitumwa parokia ya Kiwanja, kusindikiza kwaya kwa kinubi kingine kidogo kilichopakiwa kwenye lori juu ya magunia. Kule hakuna aliyesimama mlangoni. Etufe niliiacha ndani ya mwezi. Padri Paroko alifurahia mlio mkubwa. Ni Metre peke yake, kiongozi wa kwaya na fundi cherehani mpole, aliyeniambia, "Mama, kinubi iko kizuri, lakini maneno inapotea." Nilidhani ananionea wivu.

Kisha tukamzika mama mmoja wa kwaya. Mume wake, muzee mkulima kutoka vilima vya Masisi, aliomba kumwimbia wimbo waliouimba nyumbani kwao. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Mimi nikaziachia nyuzi nene zilie, na chini ya mabati ya kanisa mlio ukapanda juu ya mlio. Katikati ya ubeti wa pili alinyamaza. Akanigeukia, akasema polepole, "Mama, sisikii sauti yangu." Akarudi kukaa.

Misa iliendelea. Mtu yule hakumaliza kumuaga mke wake, na aliyemkatiza ni mimi.

Jumatatu nilipanda pikipiki kwenda Goma, mvua ikatunyeshea kutoka Kibati mpaka Munigi. Nilimkuta Masera amepooza upande mmoja, hawezi kupiga tena. Nilimweleza yote nikingoja kukaripiwa.

"Yule muzee atarudi kanisani?" akauliza.

"Siku ya kuondoa matanga."

"Basi tuko na wakati."

Kwa majuma mawili alikaa kando yangu, mkono wake mzima juu ya wangu. Kiganja changu kikichelewa, alikibonyeza. Alikuwa amepoteza muziki wake wote, na kidogo alichobaki nacho alinipa mimi niliyekitupa.

Niliporudi Kiwanja nilikwenda kwa muzee, maana alikuwa amemwambia Metre kwamba hataimba tena.

"Muzee, nilikosa. Nilifunika sauti yako. Nimejifunza upya."

Alinitazama mikono. "Sawa. Nitajaribu."

Siku ya matanga alisimama mbele ya watu. Kila mlio wangu ulikuja, ukamshika mkono, ukaondoka kabla ya neno lake linalofuata. Aliimba beti zote. Kwenye ule wa mwisho alitaja jina la mke wake, na waliosimama nje ya mlango walilisikia. Akaniinamia kichwa kidogo, akaenda kukaa na wanawe.

Nilirudishwa Goma kuchukua nafasi ya Masera, nikafundisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Nimeona wanafunzi wenye vidole vyepesi kuliko vyangu wakishindwa kwa kukosa mtu wa kuwasimamia mlangoni. Mimi nilimpata, nikamkimbia, akanipokea tena. Nikiulizwa kazi yangu ilikuwa nini, namtaja yeye kwanza.

Juzi nilipita shuleni. Mwalimu aliyenirithi alikuwa kwenye zoezi lile lile la etufe, uso umekunjamana.

"Mama, weye ulianza kuipenda lini?"

"Bado," nikamjibu.

Alicheka, akidhani ninatania. Nikavuta kiti, nikaketi upande wake wa kushoto, nikamwambia aanze tena toka mwanzo.