Gemu la Asteria na Jua la Kihurio

Saa saba mchana, Kihurio. Watu wenye akili zao wamekimbilia kivulini, lakini Asteria Fanueli amemkalisha binamu yake Yona juani, kwenye tuta la shamba la mpunga, na kumpa kifaa cha gemu cha mkononi. Yona anaendesha lori kwenye kioo. Asteria halitazami lori. Kila mara anagusa mgongo wa kifaa, kama mama anayempima mtoto homa.

"Kimeanza kupata moto," anasema.

Asteria, mwenye miaka 29, ni mzaliwa wa Bombo, huko juu milimani kwenye baridi. Ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Same, na kazi nyingine ambayo wateja wake wengi hawaijui: kampuni moja ya Dar es Salaam imempa mkataba aseme kama gemu lao kubwa la malori, lililotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, linaweza kuhamishiwa kwenye kifaa kidogo kama hiki. Likiwezekana, kazi ya kulihamisha ni yake. Lisipowezekana, anarudi kwenye vioo vya simu vilivyopasuka.

Mara ya kwanza alisema linawezekana. Alilijaribu nyumbani Bombo, jioni ya baridi, amejifunika blanketi kando ya jiko, na gemu likaenda bila shida. Akampigia Rodgers, msimamizi wake, naye akawatangazia wakubwa zake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wiki iliyofuata Asteria aliteremka Kihurio, akampa Yona acheze, kifaa kikachemka na kujizima lori likiwa katikati ya mlima.

"Nilichopima kilikuwa baridi ya kwetu, si gemu," anasema.

Aliona aibu. Kumpigia tena Rodgers na kufuta neno lake kulikuwa kugumu kuliko kazi yenyewe. Rodgers hakufoka, ila alimwambia ajaribu mara moja tena tu, basi.

Shida ni milima ya ndani ya gemu. Kompyuta inaichora yote kwa mpigo, kifaa kidogo kinahema. Asteria alipunguza miti, akapunguza mawe, bado. Jibu alilipata asubuhi moja huko Bombo, alipofungua mlango na kushindwa kuona hata migomba ya jirani kwa ukungu. Akaweka ukungu kama huo kwenye barabara ya gemu. Dereva anaona mbele kidogo tu, na kisichoonekana hakina haja ya kuchorwa.

"Bombo iliniponza," anasema. "Sasa naiomba iniokoe."

Akipata kazi hii, anataka kufungua ofisi ya magemu hukohuko Same, vijana wenye kipaji wasilazimike kuhamia Dar.

Kioo cha Yona kinageuka cheupe. Lori linapanda ndani ya ukungu, taa zimewashwa, hadi palepale lilipozimikia. Linapita. Asteria anagusa mgongo wa kifaa: wa moto, lakini unashikika. Anatoa simu na kutafuta namba ya Rodgers.

"Dada, subiri," anasema Yona bila kuinua macho. "Kwa ukungu huu, acha kwanza nifike Bombo."

Asteria anairudisha simu mfukoni, anakaa kando yake, juani.