Ng'onda wa Bi Time

Mardhiya ni mshona kofia za viua, zile za kutarizi kwa mkono, mtaani Mkunazini. Kwa miaka mingi kipandauso kilipomshika, mwangaza wa dirishani ulimchoma na tundu ya sindano ikawa mbili. Akilala sakafuni, kanga imekazwa kichwani, akitapika. Majirani walisema ni husda. Alisomewa, akafukizwa, akanywa vidonge, na maumivu yakaondoka na kurudi yalivyotaka.

Mwaka jana dada yake, Rahila, alijifungua huko Mtoni, naye akenda kumuuguza mpaka arubaini ikatimia. Walikula samaki wabichi, na chakula kwa wakati wake. Kichwa hakikumuuma hata mara moja. Aliporudi alikuta mfuko kutoka kwao Chwaka. Ndani mlikuwa na ng'onda, samaki aliowakausha mama yake, Bi Time, kwa mkono wake, kama alivyompelekea tangu alipoolewa. Mardhiya akawaunga kwa nazi, akala kwa raha. Alfajiri hakuweza kufumbua macho.

Daktari aliyemwendea alimsikiliza mpaka mwisho. "Samaki waliokaushwa huwaamshia baadhi ya watu kipandauso, si wote. Waache kwanza, halafu onja tena tuone."

Akawaacha, miezi ikapita kimya. Alipoonja kipande, kesho yake hakuinuka.

Lililobaki, kumwambia mama yake, lilikuwa zito kuliko maumivu yenyewe. Alikwenda Chwaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ng'onda wako nshakufungia, wako jikoni."

"Mama, siwali tena. Ndio wanaoniumiza kichwa."

Bi Time aliweka mikono mapajani. "Kumbe miaka yote hii nkikutumia maradhi?"

"Ulinitumia chakula, mama. Hatukujua sote."

Bi Time mwenyewe kipandauso kilimwanza tangu usichana. Naye akaacha ng'onda, akitaraji. Kichwa chake kikauma vilevile. "Changu kina mambo yake," alisema, akawarudia ng'onda wake.

Siku hizi Mardhiya hushikwa mara chache, zaidi akichelewa kula. Akifika Chwaka mama humkaangia samaki changu mbichi, na wawili hao waliozoea sinia moja sasa hula kila mtu na sahani yake. Siku ya kwanza, Bi Time alimega tonge la wali na ng'onda, akanyoosha mkono kumlisha mwanawe. Akakumbuka, mkono ukasita hewani, kisha akaurudisha. Mardhiya aliinamia sahani yake, akaendelea kula.